Kuunga Udugu: Somo Tulilolipata Safarini Rombo



Somo letu la mara hii ni kuunga udugu, nalo ni somo ambalo kila mmoja wetu hudhani kuwa amekwisha kulijua. Sisi pia tulikuwa twadhani hivyo. Usiku mmoja tulikuwa katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, twasomesha mlango wa haki za jamaa. Tukaeleza jinsi Mwenyezi Mungu, katika mwanzo wa Suratun-Nisaa, alivyotaja jambo la kumcha Yeye akalifuatishia jambo la kuchunga matumbo ya uzazi, na kwamba hiyo ni dalili tosha ya ukubwa wake. Tukasema mengi, na watu wakasikiliza. Tulipomaliza tukauliza, kama ilivyo ada yetu, kama yuko mwenye swali. Mzee mmoja, aliyesoma chuoni pamoja na marehemu baba yetu, akainua mkono akasema: “Sheikh, swali langu ni dogo. Yule shangazi yako wa Rombo hajambo?”

Hatukuwa na jawabu. Ulikuwa ni mwaka wa 11 tangu tuonane naye, na miezi mingi tangu tuisikie sauti yake kwa simu. Tukasema, “Alhamdulillahi,” neno ambalo ni la kweli siku zote, lakini usiku ule tulilitumia kama pazia la kufichia aibu yetu. Mzee akatikisa kichwa, asiulize tena.

Tumeona ni wajibu wetu kuyaandika yaliyofuata, kwani mwalimu aliyepata somo kwa wanafunzi wake hana haki ya kulificha.

UDUGU NI UPI, NA KUUNGA NI KUPI

Wanavyuoni wamekhitalifiana katika mpaka wa jamaa ambao ni wajibu kuungana nao. Wako waliosema kuwa ni wale tu ambao lau mmoja angelikuwa mwanamume na mwingine mwanamke, isingelijuzu kuoana. Wako waliopanua wakasema ni jamaa wote, wa kuumeni na wa kukeni, wa karibu na wa mbali, kila mmoja kwa daraja yake. Lakini shangazi yumo katika kauli zote mbili. Yeye ni binti wa babu yako, na baba yako na yeye wamelelewa katika nyumba moja. Hapana njia ya kumtoa.

Ama kuunga, kuna daraja zake. Ya chini kabisa ni salamu, na ya juu ni kumwendea mtu kwa miguu yako, kumsaidia kwa mali yako, kumwondolea madhara na kumtimizia haki yake. Siku hizi salamu hupelekwa kwa simu, na fedha hupelekwa kwa simu pia, katika muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa. Hatusemi kuwa hayo ni mabaya. Kwa asiyeweza kusafiri ni kheri kubwa, na ni bora kuliko kimya. Makosa ni mtu mwenye afya, mwenye nafasi na nauli, kuifanya daraja ya chini kuwa ndiyo daraja ya mwisho, kisha akajiona amemaliza wajibu.

Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa mwenye kuunga udugu kwa hakika si yule alipaye wema kwa wema, bali ni yule aungaye pale ulipokatwa. Basi tazama hali yetu: aliyekata ni sisi, tena bila ya ugomvi. Tulikata kwa kusahau, na kukata kwa kusahau ndiko kulikoenea zaidi katika miji yetu.

KARATASI ZA KASHANI

Tulipoazimia safari tulifungua kasha la marehemu baba yetu tutafute anwani ya shangazi. Tuliyoyakuta yalikuwa mazito kuliko anwani. Palikuwa na hati ya shamba la minazi la babu yetu, huku kusini mwa Likoni. Babu alifariki zaidi ya miaka 40 iliyopita, na mkewe alimtangulia. Warithi wake walikuwa wawili tu: baba yetu na huyo shangazi. Hisabu yake aijua hata mwanafunzi mdogo wa faraidh: mwana wa kiume mafungu mawili, na binti fungu moja, yaani thuluthi moja ya shamba lile ni ya shangazi tangu siku aliyofariki babu.

Shamba lile halikugawanywa kamwe. Shangazi aliolewa na mfanyaji biashara aliyekuwa na duka Rombo, katika nchi ya Kajiado, akenda zake na mumewe. Baba yetu alibaki akiangua nazi zote. Na alipofariki baba, sisi na ndugu zetu tulirithi thuluthi mbili zake, na thuluthi ya mwenzake tukaichukua pamoja nazo, bila ya kuuliza.

Tuliwakusanya ndugu zetu tukawasomea hati. Mdogo wetu, aliyekwisha kujenga nyumba katika shamba lile, alitoa hoja tatu, nasi twazitaja kwa sababu si za nyumba yetu peke yake; husikika katika nyumba nyingi za pwani hii.

Hoja ya kwanza: ameolewa mbali, na mali itakwenda kwa watu wa ukoo mwingine. Jawabu: Mwenyezi Mungu amempa binti fungu lake wala hakuweka sharti la mahali anapokaa wala la kabila ya mumewe. Anayeongeza sharti hilo anajifanya mgawaji baada ya Mgawaji.

Hoja ya pili: mwenyewe hakudai. Jawabu: deni halifi kwa kunyamaza mwenye kudai. Mwanamke wa kwetu hulelewa aone haya kumdai nduguye, kisha haya yale yale tuliyomfunza tukayafanya hati ya kumnyima.

Hoja ya tatu: baba alikuwa akimpelekea zawadi kila Idi. Jawabu: zawadi ni zawadi na haki ni haki. Mtu hawezi kuchukua gunia la mwenziwe, akampelekea kibaba kimoja humo, akaita sadaka.

Mdogo wetu alinyamaza. Tukamwambia, “Hatutaki uridhike leo. Twataka ufuatane nasi.”

FERI YA LIKONI

Tulitoka siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri, sisi na mama watoto na dada yetu, tukiwa na kikapu cha nazi, ng'onda, haluwa na doti ya kanga. Siku hizi mtu aweza kutoka kusini akapita Dongo Kundu bila ya kuvuka maji, lakini mdogo wetu hulala Majengo kwa ajili ya kazi yake, nasi tulikuwa hatuna budi kumpitia. Basi tukaingia katika safu ya magari Likoni kungoja feri.

Mlango ule wa bahari hauzidi sana nusu kilomita, na safari yenyewe ni ya dakika chache. Walakini mwenye kukumbuka hawezi kuivuka kwa moyo wa mchezo. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe, hapo jirani, ilipinduka na watu 272 wakafa maji. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakienda kazini. Na katika Septemba 2019 gari moja liliteleza kutoka katika feri ya Likoni likazama na mama na mwanawe. Kwa hivyo tuliwateremsha wanawake garini wakasimama pamoja na waendao kwa miguu, tukalifunga gari breki barabara, tukasoma dua ya mwenye kupanda chombo. Kutawakali hakumwondolei mtu wajibu wa kuchukua tahadhari. Mwenye kutawakali humfunga ngamia wake kwanza.

Hapo ndipo tulipoyakumbuka maneno ya Imamu Al-Ghazali katika Ihyaa, katika adabu za safari, ya kuwa jambo la kwanza la msafiri ni kurudisha dhulma za watu, kulipa madeni, na kuwawekea masurufu wale anaowalisha. Tumeisomesha adabu hiyo mara nyingi. Tumesafiri mara nyingi vilevile, Nairobi, Lamu na Tanga. Na katika kila safari tulikuwa na thuluthi ya shangazi mkononi, wala hatukuirudisha. Lau feri ile ingelizama siku moja katika hizo, tungelikutana na Mola wetu na shamba la watu shingoni.

NJIA YA TARU

Tulimchukua mdogo wetu, tukatoka kisiwani kwa Makupa, tukapita Mazeras na Mariakani, tukashika nchi kavu ya Taru. Zamani misafara ya wazee wetu wa Mombasa iliipita nchi hii kwa miguu, ikielekea Taveta na Uchagani. Mwaka 1848 mzungu Rebmann aliongozwa na Mswahili, Bwana Kheri, katika njia za huko, naye akauona mlima wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei baada ya mwendo wa kiasi cha wiki mbili. Sisi twaenda kwa gari siku moja, kilomita 300 na ziada, na bado twasema ni mbali. Wale walikwenda kwa ajili ya biashara. Sisi twashindwa kwenda kwa ajili ya udugu.

Penye Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti ulio kando ya reli, mahali alipozikwa Sayyid Baghali, mmoja wa Waislamu wa Kihindi walioijenga reli. Wasafiri wengi husimama hapo. Tulitawadha, tukasali rakaa mbili za tahiya, kisha tukazuru kaburi kama sunna ilivyotufunza. Mdogo wetu akatuuliza tuombe nini. Tukamjibu: sisi twamwombea aliyelala hapa, hatumwombi. Aliye maiti amehitaji dua yetu. Na sisi na yeye sote twamhitaji Mwenyezi Mungu. Hayo twayasema kwa upole, wala hatumkejeli mtu aliyesimama pale kwa nia njema. Asiyejua hufunzwa, hatukanwi.

Tulifika Voi kabla ya saa nne, tukaiacha njia ya Nairobi, tukapinda kushoto kwenda Mwatate, Bura na Maktau. Kutoka Maktau njia hupita katikati ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Humo ndimo zilimo chemchemi za Mzima, ambazo maji yake huletwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Dada yetu akasema neno ambalo hatukulitia akilini mara moja. Alisema, “Maji ya bara hutujia kila siku hata nyumbani, nasi tumeshindwa kumwendea mtu wetu mmoja wa bara.” Mdogo wetu akageuza uso akatazama dirishani.

SALA YA MSAFIRI

Hapa twaingiza mas-ala, maana wasomaji wengi huyauliza.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, msafiri hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili ikiwa safari yake ni ya marhala mbili au zaidi, nazo wanavyuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kiasi cha kilomita 80 na kitu. Rombo imepita kipimo hicho mara tatu. Ruhusa huanza baada ya kuiacha nyuma mipaka ya mji wake. Aliye bado nyumbani, hata akiwa amekwisha kufunga mizigo, si msafiri. Na sharti la safari ni iwe ya halali.

Adhuhuri ilitukuta Taveta. Tuliingia msikitini jamaa imekwisha, tukasali Adhuhuri rakaa mbili, kisha Alasiri rakaa mbili, kwa kukusanya wakati wa mwanzo. Sharti za kukusanya huku ni kuanza na Adhuhuri, kutia nia ya kukusanya ndani ya sala ya kwanza, kufuatanisha sala mbili bila ya mwanya mrefu, na safari iwe ingali ikiendelea hata uanzapo sala ya pili. Lau tungeliikuta jamaa tukamfuata imamu mkaazi, ingelikuwa ni wajibu kutimiza rakaa nne kama yeye. Na kwa kuwa nia yetu ilikuwa kulala Rombo usiku mmoja tu, hukumu ya msafiri haikututoka. Humtoka mwenye kunuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhisabu siku ya kuingia na siku ya kutoka.

MSTARI WA MWAKA 1886

Kutoka Taveta tulielekea kaskazini, mlima ukiwa mkono wa kushoto. Tulilipita Ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa zamani, nusu yake Kenya na nusu yake Tanzania. Tukapita Njukini, tukaingia Rombo. Wingu lilikuwa limeifunika Kibo, lakini Mawenzi, kilele cha mashariki, kilionekana wazi. Nchi ya chini ni kavu, na Wamasai huchunga humo; lakini yalipo maji ya mifereji pana vitunguu, nyanya na mahindi.

Jina la Rombo liko pande mbili za mpaka. Upande wa Kenya ni Rombo hii ya Kajiado, na upande wa Tanzania ni wilaya ya Rombo ya mkoa wa Kilimanjaro. Asili ya mpaka huo ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga yetu, ukaenda hadi Ziwa Jipe, ukazunguka mlima kwa kaskazini, kisha ukenda zake hadi ziwa la Nyanza. Mstari ule ule unaotutenga sisi na jamaa zetu wa Tanga ndio uwatengao watu wa Rombo na jamaa zao. Binti mkubwa wa shangazi ameolewa Tarakea, ng'ambo ya mpaka, naye siku ile alivuka na watoto wake kuja kutulaki. Serikali zina haki ya kuchunga mipaka, na msafiri ni lazima awe na karatasi zake. Lakini mstari wa wino hukata ardhi; haukati tumbo la uzazi. Aukataye udugu ni mtu mwenyewe.

MBELE YA SHANGAZI

Tulimkuta shangazi uani, ameketi juu ya mkeka akichambua maharagwe. Amekuwa mtu mzima sana, na macho yake yameingia ukungu. Tulitoa salamu tukambusu mkono. Aliupapasa uso wetu, akatujua, kisha swali lake la kwanza likawa: “Mmekuja kwa mazishi ya nani?”

Ndugu msomaji, hatujapata kusikia karipio zito kuliko hilo, ilhali mwenyewe hakukusudia kukaripia. Aliuliza kwa kuwa kwa miaka mingi hakuwahi kuona mtu wa pwani ila pamekufa mtu. Tukamwambia, “Hapana aliyekufa, shangazi. Tumekuja kukutazama.” Akakaa kimya kitambo, akasema, “Fedha za simu mwaniletea, baba, na Mungu awalipe. Lakini simu hainishiki mkono.”

Baada ya chakula tuliitoa hati ya shamba, tukamsomea mbele ya watoto wake, tukamweleza kuwa thuluthi ni yake, na kuwa kwa miaka yote hiyo tumekula mapato yake pia. Hapo mmoja wetu, ambaye hatutamtaja ila kwa kusema kuwa ni mwandishi wa maneno haya, alikaribia kutenda kosa la pili. Ulimi ulikuwa umekwisha kufunguka kusema, “Basi, shangazi, twaomba utusamehe,” kwa matumaini kuwa atasema, “Nimesamehe yote,” nasi turudi na shamba letu na dhamiri nyepesi. Tukauzuia. Maana wanavyuoni wamesema kuwa kilichotoka kwa mtu kwa ajili ya haya, si kwa ridhaa ya nafsi, si halali kwa mwenye kukipokea. Na mwanamke mzee, mbele ya wageni waliotoka mbali na haluwa mkononi, atasema nini ila kusamehe? Basi tukamwambia, “Usitujibu leo. Fikiri na wanao, na utakalo utatuambia.”

Akacheka. “Sina haja ya kufikiri,” alisema. “Nazi mlizokula nimewasamehe, kwa kuwa mlikuwa watoto na mlikuwa na njaa. Ardhi siachi. Nina wajukuu wa kike.”

Kisha akauliza, “Ule mnazi ulio karibu na kisima ungaliko? Chini yake ndipo tulipokuwa tukicheza, mimi na baba yenu.”

Sote tulitazama chini. Mdogo wetu, ambaye tangu asubuhi maneno yake yalikuwa ya kuhisabika, alisema, “Niliukata mimi, shangazi. Nimejenga nyumba pale.”

“Ina baraza?”

“Ina baraza.”

“Basi nitakuja nikae barazani,” akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Usiku ule mdogo wetu alikuja mahali tulipolala, akasema atampimia shangazi upande wa kisima, akiacha upande wa njia kwa ajili ya nyumba yake, ikiwa mwenyewe ataridhia. Asubuhi aliridhia. Tuliporudi tuliandika makubaliano mbele ya mashahidi, tukayapeleka kwa Kadhi. Kwani katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezithibitisha mahakama za Kadhi kuhukumu mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Neno la mdomo ni zuri, lakini lililoandikwa ndilo litakalowafaa wajukuu.

YATUPASAYO

Kwa mukhtasari, haya ndiyo tuliyoyapata katika safari hii.

Kwanza, udugu huunganishwa kwa haki kabla ya zawadi. Mwenye kuzuia urithi wa dada yake kisha akampelekea kanga kila Idi, hajaunga, amefunika.

Pili, umbali si udhuru wa kumnyima mtu haki, wala kimya chake si ruhusa.

Tatu, usimwombe mtu msamaha mahali asipoweza kukataa. Mpe haki yake mkononi kwanza. Akisamehe baada ya hapo, amesamehe.

Nne, awezaye kwenda na aende. Na akenda asikae akawa mzigo: apeleke kitu, asichague chakula, na asizidishe siku tatu za ugeni ila kwa ridhaa ya wenyeji.

Tano, wapeleke watoto. Watoto wetu hawakuwa nasi safari hii, na hilo ni pungufu tulilolijutia. Kwani asiyemjua shangazi ya babaye hatamwunga atakapokuwa mkubwa.

Basi twawapa wenzetu wa darsa, na nyinyi wasomaji, kazi moja. Mtu achukue karatasi, aandike majina ya wote waliozaliwa na babu zake na nyanya zake wa pande mbili. Mbele ya kila jina aandike mambo mawili: mara ya mwisho alipomwona, na kitu gani cha mtu huyo kimo mkononi mwake. Mahali patakapomfanya kalamu isite, hapo ndipo pa kuanzia safari.

Ama yule mzee wetu, Jumatatu alikuja darsani akaketi mahali pake. Tulipomaliza akainua mkono akauliza swali lake lile lile: “Sheikh, shangazi yako wa Rombo hajambo?”

Tukamjibu, “Hajambo, mzee wetu. Macho yamepungua nguvu, lakini akili yake ni kamili. Amekutaja kwa jina, na anakusalimu.”

Wa billahi tawfiq.